Fainali ya 98: stima ilikatika Amu (Lamu) ama naota mimi?

MtotoWaLangoni

Salaam alaykum jamani. Nina jambo limenikaa kichwani wiki nzima na kwenye grupu la familia limeshaleta maneno, sasa nalileta hapa kwa wenzangu mliokuwa Amu miaka hiyo ya tisini.

Fainali ya kombe la dunia 1998, Ufaransa na Brazil. Mimi nlikuwa na miaka kumi na moja. Hadithi ambayo nimeihadithia maisha yangu yote, nimeihadithia kazini, nimemhadithia mke wangu kabla hajawa mke wangu, ni hii: tuliangalia kwa jirani mmoja hapo mtaa wa Langoni aliyekuwa na dishi, Zidane akatia mbili za kichwa kabla ya haftaimu, kipindi cha pili kikaanza, tukaenda tukaenda, mara pah! Stima imekwenda. Mji mzima giza. Watu wakawalaani watu wa stima mpaka sauti zikawakauka, wakatawanyika, na goli la tatu hatukuliona. Lile la Petit nimekuja kuliona kwa simu nikiwa mtu na ndevu zangu.

Sasa kakangu mkubwa aliye Mombasa ananambia kwenye WhatsApp, mbele ya shangazi zangu wote, ati hakuna kitu kama hicho. Ati stima ilikatika 1994, Brazil na Italia, na mimi 94 nlikuwa na miaka saba nshalala zamani, hadithi nimeiskia kwa wakubwa nikaivaa kama kanzu ya kuazima. Imeniuma wallahi.

Maana mimi sikuwa mtazamaji tu, nlikuwa na kazi. Pale mlangoni kila mtoto alitoa shilingi tano na mimi sikuwa nayo, basi mwenye nyumba (Allah amrehemu) akanambia panda darini ukashike dishi. Mnakumbuka yale madishi? Siyo haya ya sasa kama sinia la pilau. Lile lilikuwa la wavu wa chuma, ukiliona kwa mbali utadhani mashua imepandishwa juu ya nyumba, na miguuni limewekewa mawe lisiondoke. Na mwezi wa saba ndio kusi lenyewe. Upepo ukija dishi linasogea kidogo tu, upana wa kidole, na huko chini picha yote inakuwa chenga. Basi mimi nlilikumbatia. Kijana mwengine amekaa katikati ya ngazi, kazi yake kupokeza, huko chini wakipiga kelele "imekwenda!" naye ananipigia mimi "imekwenda!", nasukuma bega, "bado!", nasukuma tena, "hapo hapo usipumue!" Na mimi kweli nikawa sipumui. Mkono mmoja dishi, mkono mwengine barafu ya ukwaju niliyopewa ndio mshahara, inayeyuka inanitiririkia mpaka kwapani na siwezi kujifuta.

Kwa hivyo magoli ya Zidane sikuyaona kwa macho. Niliyapata kwa miguu, sakafu ilitikisika mara mbili.

Nawauliza: nani alikuwepo? Stima ilikatika ama haikukatika? Na kama ilikatika, 94 ama 98? Kakangu nataka nimpelekee jibu na mashahidi.

Kachiri_na_Ndimu

Pole kaka lakini mimi nlikuwa mtaa wa Mkomani, hapo hapo Amu, siku hiyo na mpira niliuona mpaka mwisho, mpaka kepteni wao Deschamps anainua kombe. Stima haikukatika. Nakumbuka vizuri sababu nlilia na babangu akanambia nikilia kwa ajili ya Mbrazili basi niende nikakae Brazil.

Nlikuwa na jezi. Yani ile jezi usiicheke. Mamangu alichukua fulana nyeupe ya ndani ya mzee, akaichemsha kwenye sufuria na bizari ya manjano, ikatoka rangi barabara kabisa, halafu namba 9 tukaipiga mgongoni kwa kiwi ya viatu. Tatizo ni harufu. Nlikuwa nanuka mchuzi, paka wa mtaa mzima wananifuata, na mnajua paka wa Amu walivyo wengi. Nilipoingia baharini mara moja tu Ronaldo akageuka akawa madoa.

Na Ronaldo mwenyewe siku ile hakuwa yeye. Alikuwa anatembea uwanjani kama mtu alieamshwa usingizini, baadae ndio tukaskia kumbe mchana wake alishikwa na kitu kama kifafa huko hotelini. Sisi tulikuwa tunasema karogwa.

Lakini stima, hapana. Labda ilikatika kwenu tu hahaha

CiaoMalindi

Mimi si wa Amu ni wa Malindi, Barani, lakini hiyo 94 niachieni mimi.

Babangu alikuwa weta kwenye hoteli moja ya Wataliano, sitaji jina maana mpaka leo wanadaiwa mshahara wa mwezi wa nane. Mechi ilianza saa nne na nusu usiku kwa saa zetu, kule Marekani ni mchana wa jua kali, unaona wachezaji wanachuruzika kama kuku wa kuoka. Dakika tisini hakuna kitu, ziada hakuna kitu, saa saba usiku ndio penati. Sisi watoto wa wafanyakazi tumejibanza nyuma ya miasumini mlinzi asituone, ingawa mlinzi mwenyewe naye alikuwa amejibanza hapo hapo na sisi.

Baggio wa Italia akauweka mpira. Akarudi nyuma. Akaupaisha juu mpaka leo haujashuka.

Sijawahi kuskia kimya kama kile. Watu labda mia, unaskia bahari tu na friji ya baa. Halafu mzee mmoja wa Kitaliano, tumbo hili, akasimama akavua fulana yake ya bluu akaitupa chini akaenda zake ufuoni kifua wazi, hakusema neno. Fulana niliokota mimi. Ilinifika magotini. Niliivaa mpaka mvua za El Niño 97, nikamrithisha mdogo wangu, yeye akaivaa mpaka ikawa tambara la kupigia deki, na hata lilipokuwa tambara mamangu alikuwa analiita "lile la Mtaliano".

Enzi hizo Malindi mtoto anajua Kitaliano kabla ya Kiingereza. Kuna siku mwalimu amemuuliza mwenzetu darasani swali la Kiingereza, akajibu "si, si", kwa Kitaliano ndio anasema ndiyo, mwalimu akadhani anakataa kwa Kiswahili, akamchapa.

Kwa hivo 94 kwetu stima ilikuwepo. Ya Amu siwezi kuiapia.

AliyezaliwaNaUNESCO

Yani nyinyi wazee mnagombania stima iliyokatika kabla sijazaliwa 😂 Mimi nimezaliwa 2001, mwaka ule ule mji ulipotiwa kwenye urithi wa dunia, kwa hivo na mimi ni urithi. Swali langu ni moja, mlikuwa mnaonaje mpira kwenye TV moja watu sitini? Na mbona kila mtu wa 90s ni maskini lakini anafurahi

MtotoWaLangoni

@AliyezaliwaNaUNESCO mwanangu tulikuwa hatuoni. Alieona ni aliye mbele, wengine tulikuwa tunaamini.

@Kachiri_na_Ndimu sasa unaniletea matatizo. Kaka nimpelekee wewe aseme umeona, mimi nimekwisha.

BibiWaKanda

Mimi TV nlikuwa siruhusiwi kabisa, babangu alikuwa anasema kwenye nyumba yake shetani akiingia apite mlangoni kama watu wengine siyo kwa waya, lakini redio anaruhusu, sababu yeye mwenyewe hawezi kulala bila habari za saa tatu na kipindi cha mtangazaji Mambo Mbotela, "Je, huu ni ungwana?", hakimpiti. Kwa hivo yangu mimi ni redio na kanda. Ile redio yetu ilikuwa inakula betri nne, betri zikichoka tunazianika darini juani pamoja na samaki, siku mbili zinarudi na nguvu kidogo, zinanuka papa lakini zinaimba. Na kanda zenyewe ni zile za taarab za Mbwana Radio Service ya Mombasa, Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, Malika, kanda moja inazunguka nyumba kumi, ikirudi kwako ina sauti ya mtoto wa watu analia katikati ya wimbo sababu kuna mtu kaminya kitufe cha kurekodi.

Hizo filamu za Kihindi nazo nlikuwa naziiba kwa jirani, ijumaa mchana wanaume wako msikitini. Kulikuwa na khalati mmoja ndio mkalimani wetu. Hajui Kihindi hata neno moja! Lakini anakaa mbele na kikombe chake cha kahawa anatafsiri mwanzo mpaka mwisho, "sasa amwambia mamaye huyu msichana hana kwao", na sisi tunalia. Nimekuja kuiona filamu moja kati ya hizo ukubwani, ina maandishi ya chini, nikakuta hadithi siyo ile kabisa. Ya khalati ilikuwa bora. Yule kijana tajiri kwa khalati alikuwa ndugu yake msichana wa kunyonya, ndio sababu hawawezi kuoana, kwenye filamu hakuna hata maziwa.

El Niño ilipovunja barabara huko Garsen magari yakawa hayapiti, kanda mpya haziji, tukaangalia filamu moja ile ile wiki ngapi sijui, mpaka ukanda ukalika pale wanapocheza kwenye mvua, mstari mweupe ukawa unampita Madhuri Dixit shingoni.

Haya, turudi kwenye stima maana naona nimepotea. Siku ya fainali nlikuwa kwetu, Langoni hiyo hiyo, na redio yangu ya papa sikioni kimya kimya. Wazee wa barazani siku hiyo walikuwa Ufaransa wote, asubuhi walikuwa Brazil, jioni kuna mtu kawaambia Zidane jina lake Zinedine, yani Zainuddin, wazee wake ni Waalgeria, basi, kwisha, "kumbe ni mtoto wetu", mmoja akasema ni jina kama la fundi wetu wa kupiga udi kwenye taarab, Zein l'Abdin, itakuwa mkono wake ni ule ule ila huyu apiga kwa kichwa. Goli la tatu lilipoingia, dakika za nyongeza, mimi nimeliskia redioni na hapo hapo nikaskia shangwe nje, pande tatu za mji.

Sasa kaka yangu nakuuliza kwa mapenzi. Kama mji mzima ulikuwa giza, hao walioshangilia waliona kwa taa gani, koroboi?

MtotoWaLangoni

Dada umenimaliza.

Nahodha_Mstaafu

Wanangu. Mimi mpira siujui, naona watu wazima wafukuzana. Lakini mwezi na maji nayajua, nimeyafuata miaka arubaini. Mjukuu wangu ndie anisomeaye haya maneno yenu na ndie aandikaye.

Wewe mtoto wa Langoni nataka unijibu mawili. Uliposhuka darini ulikwenda kwenu kwa taa gani? Na mashua pale pwani zilikuwa zaelea ama zimelala? Usinambie ulichohadithiwa. Nambie ulichokiona kwa mato yako.

MtotoWaLangoni

Ami shikamoo.

Taa sikuwa nayo. Tulishuka tukapita ndia ya pwani mimi na yule mwenzangu wa ngazi, kwenye vichochoro tuliogopa. Mwezi ulikuwa mkubwa, umeshapanda, nakumbuka kulikuwa na punda amesimama na kivuli chake ukutani kirefu kuliko yeye. Na mashua zilikuwa zimelala ubavu kwenye tope, zote. Hilo nakumbuka sababu nilikata njia nikashuka topeni nikitaka kumpita mwenzangu, sandak yangu moja ikanasa, nikaivuta ikakatika ukanda. Kesho yake nilipigwa. Ile harufu ya tope na mafuta ya boti ndio harufu ya kombe la dunia kwangu mpaka leo.

Nahodha_Mstaafu

Basi tosha.

Hiyo ya Wataliano, 94, mjukuu ameniambia ilikuwa tarehe kumi na saba mwezi wa saba. Kwa mwezi wetu ni Mfungo Tano, mwezi una siku nane tisa tu. Saa saba za usiku mwezi huo umeshalala magharibi nyuma ya nyumba, kule pwani hautoi kivuli cha punda wala cha tembo. Na siku hizo ni maji mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana, saa sita usiku yamejaa, mashua zaelea.

Hii yako ya 98, tarehe kumi na mbili. Hiyo ni Mfungo Sita, mwezi una siku kumi na saba. Wachomoza saa tatu za usiku, saa tano na nusu uko yuu. Na maji ni bamvua, yale makubwa, ndio yaanza kuchoka, saa sita usiku yamekupwa kabisa, pwani yote tope, mashua zimelala kama ulivyosema. Na nyinyi mwasahau jambo moja. Mfungo Sita ndio Maulidi. Yetu ya Amu huwa mwisho wa mwezi, kulikuwa kumebaki siku kumi hivi, watu wa msikiti wa Riyadha walikuwa washaanza kupaka chokaa, na mimi mwenyewe nlikuwa nangojea abiria wa kutoka visiwani. Kakako ana lake, hilo lako ni la 98.

AliyezaliwaNaUNESCO

Nimetafuta kwa simu sababu sikuamini. Mwezi ulijaa tarehe 9 Julai 1998. Babu uko sawa 😳 yani bila intaneti

Nahodha_Mstaafu

Sisi twaita kutazama yuu.

MtotoWaLangoni

Ami Mungu akuweke. Hii naipeleka kwenye grupu sasa hivi, nimeipiga picha kabisa, shangazi zangu waione. Kaka amesoma hajajibu, tiki mbili za bluu nazitazama hapa.

Nahodha_Mstaafu

Ngoja kwanza, usikimbie. Mwaka ni huo lakini giza la mji mzima mimi silijui. Siku hiyo nlikuwa gatini. Wewe ulikuwa darini, mtu wa yuu kuliko wote. Stima ilipokwenda, gati ulitazama?

MtotoWaLangoni

...

Ami nimekaa na hilo swali tangu adhuhuri.

Taa ya gati ilikuwa yawaka. Naiona. Kwenye picha yangu ya kichwani kuna mwangaza wa njano juu ya tope na mashua zile, na mimi miaka yote nimesema ni mwezi. Mwezi hauwi wa njano hivyo. Na msikitini pia kulikuwa na taa, na kuna shangwe ilitokea mbali upande wa Mkomani tukiwa tuko njiani, nikamuuliza mwenzangu hao wanashangilia nini, akasema labda arusi.

Astaghfirullah. Nimewalaani watu wa stima miaka zaidi ya ishirini na tano bure.

Kachiri_na_Ndimu

Hahahahaha arusi!!! Ile shangwe nlikuwa mimi! Yani sio mimi, mimi nlikuwa nalia, lakini nyumba yetu

CiaoMalindi

Sasa swali ni nani alizima. Fyuzi? Siku hizo fyuzi ya waya, watu sitini, friji, TV, dishi, feni

BibiWaKanda

Waya mmoja hauwezi kubeba hayo yote, mimi nasema fyuzi.

Binti_wa_Nyumba_ya_Dishi

Assalaam alaykum. Nimesoma toka juu mpaka chini, nimecheka nimelia. Mimi nlikuwa sitaki kusema lakini naona nahodha ameshafika mlangoni, kumebaki kubisha tu.

Nyumba hiyo ni yetu. Marehemu mwenye dishi ni babangu. Kwanza hizo shilingi tano alikuwa anazikusanya bila mama kujua, mama aliambiwa ni majirani wanakuja kutazama kidogo. Alipofungua mlango wa ndani akakuta kiwanda, yani ule uwanja wa ndani ya nyumba, kimejaa kama siku ya kuvua samaki, viatu vimefika mpaka kwenye kizingiti, mtu kakaa juu ya kinu chake. Akanyamaza. Mama alikuwa mtu wa kunyamaza, ndio ulikuwa umuogope.

Barafu za ukwaju zilikuwa zake, alizifunga kwa mkono mia na zaidi, zikaisha kabla ya haftaimu na babangu ndie aliekuwa akizigawa, nusu kwa bure. (Kaka uliekuwa darini, yako ilikuwa ya bure, usione ilikuwa mshahara.)

Sasa kwenye kona ya kiwanda kulikuwa na jarra lake la achari ya ndimu. Jarra lile la kioo kubwa, alipewa na mamake siku ya arusi, na ile achari ilikuwa ya kuwawekea wageni wa Maulidi, ina wiki tatu juani. Goli la kwanza likaingia, jarra likatikisika, mimi nililiona. La pili, yule kijana aliekaa juu ya kinu akaruka na kinu kikaenda na jarra. Hakuna alieskia. Mafuta na ndimu zimetapakaa watu wanazikanyaga wakikumbatiana, mmoja akasema "mbona hapa pananuka pilipili" akaendelea kushangilia.

Haftaimu mama akaokota vigae kimoja kimoja akavitia kwenye kanga. Akaingia ndani. Mimi nikamfuata, nlikuwa na miaka tisa. Kipindi cha pili kikaanza, akakaa kitandani kama mtu anaesikiliza. Halafu akainuka akaenda pale nyuma ya mlango kwenye swichi kubwa, akavua kiatu, akapanda kigoda, akaishusha. Kah. Akanambia "nenda kalale, stima imekatika."

Nje ndio nikaskia mnavyowalaani watu wa stima. Babangu ndie alieongoza. Mama akakaa gizani anasikiliza, na nakuapia alikuwa anacheka, kitanda kilikuwa kinatikisika.

Akaiwasha alfajiri kwa ajili ya friji. Babangu alikufa hajui.

Kachiri_na_Ndimu

😭😭😭 "Babangu ndie alieongoza"

CiaoMalindi

Mama huyu apewe kombe lake.

MtotoWaLangoni

Dada yangu sina la kusema. Wallahi sina. Kijana aliekuwa juu ya kinu namjua, yuko Mokowe ana duka, nampigia sasa hivi.

Na mama yuko? Kama yupo naomba umpe salamu zangu, mwambie ni yule mtoto wa dishi anaomba radhi kwa niaba ya sote, na jarra nitalileta mimi, nikija Maulidi inshaallah, la kioo kama lile. Na umuulize kama anakumbuka.

Binti_wa_Nyumba_ya_Dishi

Yupo alhamdulillahi, macho ndio yamepungua. Niko naye hapa barazani, nimemsomea yote.

Mpira haukumbuki. Ameniuliza walikuwa wakicheza kina nani, nimemwambia Ufaransa na Brazil, akasema hao wote hawakulipa. Jarra analikumbuka, anasema lilikuwa na kifuniko cha bati cha kijani, na ukileta usilete la plastiki.

Na anauliza mtoto wa dishi ndio yupi, ni yule aliekuja asubuhi kutafuta kiatu?